Mwanga wa Saa Nne na Robo

Ukitaka kumpata Lewa Kai pale Mtopanga, usiulize fundi wa redio, maana wako wengi. Uliza fundi wa mizaha. Utaelekezwa moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mabati kando ya duka la mkaa, penye ubao alioandika kwa mkono wake: TUNAFUFUA REDIO, AMPLIFAYA NA CHAJA. Mchungaji Elkana alimwomba afute neno hilo la kufufua, kwamba kazi hiyo ina mwenyewe. Lewa akalifuta kweli, akaandika TUNAAMSHA.

Ana miaka hamsini na mitatu, ana mwanya wa mbele, na kicheko chake hufika kabla ya maneno. Kwa miaka kumi na minane alitunza mitambo ya kiwanda kimoja cha Changamwe, na kiwanda kilipofungwa alirudi Mtopanga na sanduku la bisibisi na mazoea ya kutomwacha mtu bila kumtania. Mteja mmoja alimletea redio inayokwaruza. Lewa akaifungua, akakuta panya amezaa humo watoto watano. Akampigia mwenyewe simu, akamwambia kwa sauti ya daktari, "Hongera, redio imejifungua salama." Mtu pekee asiyecheka ni mkewe Winfred, mwanakwaya, na ndiye mtu pekee Lewa anayemwogopa.

Kisa chenyewe ni cha kinanda cha kanisa lao. Kinanda hicho kilipoteza sauti zamani. Kimebaki na vibonyezo tu. Sauti hutoka kwenye sanduku jeusi lililokaa juu ya meza pembeni, ukubwa wake kama Biblia ya familia, na kati ya hivyo viwili kuna waya mmoja. Kwa waya huo kinanda hutuma habari, moja nyuma ya nyingine kama watu kwenye foleni: kibonyezo fulani kimebonyezwa, kibonyezo fulani kimeachiliwa. Sanduku husikia na kutii.

Ila habari haziingii sandukuni hivi hivi. Mlangoni pana kijipande kidogo, na ndani yake mna kijitaa na kijicho vinavyotazamana bila kugusana. Umeme wa kinanda huishia kwenye kijitaa. Kijitaa kinakonyeza, kijicho kinaona, na upande wa pili unaanza umeme mwingine kabisa. Kwa hiyo hata kinanda kikipatwa na hitilafu, sanduku halidhuriki, wala spika hazingurumi. Lewa aliwaeleza wazee wa kamati hivi: "Ni mambo ya mkwe haya. Mama mkwe yuko ndani, wewe uko nje. Salamu zinafika, mkono haufiki. Siku mtakayoshikana mikono, nyumba imeharibika." Wazee, Wagiriama watupu, walielewa papo hapo.

Miaka mitatu nyuma kijipande hicho kiliungua. Lewa akakitafuta mjini kote asikipate, akaona haya kurudi mikono mitupu. Basi akanyofoa kijitaa na kijicho kutoka kwenye kipanya cha kompyuta kilichokufa, akavipanga vitazamane, akavizungushia utepe mweusi ili nuru ya nje isichungulie, akafunga sanduku. Likafanya kazi. Kamati ilipouliza ametia nini, alijibu bila kupepesa macho, "Kipuri cha Dubai hicho." Kamati ikapiga makofi. Kefa, mpiga kinanda, kijana wa Kakamega mwenye kupenda kujua kila kitu, akaomba akione. Lewa akamwambia vipuri vya Dubai havipendi kuchunguliwa.

Mambo yalikwenda salama hadi mwaka huu baada ya Pasaka. Ndipo kinanda kikaanza vituko. Kila Jumapili ikifika saa nne na robo, katikati ya nyimbo za kuabudu, sauti moja inanasa na kubaki ikilia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani, na vibonyezo vingine vyote vinakufa. Kefa anabonyeza, anapapasa, mwisho anang'oa plagi. Ibada ikiisha, wakijaribu tena, kinalia vizuri kabisa. Mazoezi ya Jumatano jioni, hakuna tatizo. Ni Jumapili tu, tena saa ile ile, waumini wakiwa wamefumba macho.

Lewa akaitwa Jumamosi alasiri.

"Fundi, hii kitu iko na shida gani?" akauliza Kefa.

"Kitu hiki kina shida gani," akasema Lewa. "Ngoja kwanza nitengeneze Kiswahili chako, kinanda baadaye."

Alibadilisha waya, akatia wake mpya. Hakuna tofauti. Akachomoa ncha ya waya, akaifungia kijitaa cha majaribio, akamwambia Kefa abonyeze. Kijitaa kikakonyeza. Basi upande wa kinanda unasema. Akapima umeme wa sanduku kwa mita, akaukuta uko sawa. Akarudisha kila kitu mahali pake, Kefa akapiga wimbo mzima na sauti ikatoka tamu. Kilichobaki ni kufungua sanduku, na Kefa alikuwa amesimama nyuma yake, pua begani. Lewa hakufungua. Alijua fika kilichomo humo, na hakikutoka Dubai.

Akawa anafikiri kwamba labda kile kijicho cha kipanya kimechoka, ndipo alipoingia Ruth, kiongozi wa maombi, mwanamke wa Rabai ambaye akiomba kanisani watu wa barabarani husema amina.

"Fundi, umeona nini?"

Hapo ndipo Lewa alipojiponza. Ukweli ungemlazimu afungue sanduku. Uongo mtupu haupendi. Yeye hupenda uongo wenye ukweli tumboni, na kijicho kilichochoka hakika hakioni mwanga vizuri. Neno likamjia, akauonja utamu wake kabla hajalitoa.

"Mama, sitakuficha. Tatizo ni mwanga."

"Mwanga?"

"Mwanga. Humu humu kanisani."

Nawe msomaji, kama u mtu wa bara, utasema ana kosa gani? Mwanga si nuru? Ni nuru. Lakini Pwani neno hilo lina maana ya pili: mwanga ni mchawi, yule wa kuzungukia nyumba za watu usiku akiwa uchi wa mnyama. Mtu akisema mwanga umeingia, ni nuru. Akisema mwanga ameingia, funga mlango. Lewa, kwa ujanja wake, alichunga asiseme umeingia wala ameingia. Akaacha neno limesimama peke yake, Ruth achague mwenyewe.

Kefa naye, bila kujua lolote, akatazama juu, kwenye lile bati moja la plastiki waliloliweka paani lipitishe nuru ili kuokoa umeme, akasema, "Ni ukweli, mama. Hapa mwanga iko mingi sana."

Ruth nusura aangushe mkoba. Akatoka nje kinyumenyume. Lewa alikwenda nyumbani akicheka peke yake njia nzima, hadi wauza mihogo wakamuuliza kuna nini.

Jumapili kinanda kikalia saa nne na robo kama kawaida, na safari hii watu hawakutazama kinanda. Walitazamana. Jumatano jioni Winfred alirudi kutoka mazoezini, na hata mkoba hakuuweka chini.

"Lewa."

Siku zote humwita Baba Nyale, kwa jina la mtoto wao. Akiitwa Lewa, Lewa hukaa wima.

"Ulimwambia nini Ruth?"

"Nilimwambia tatizo ni mwanga. Nuru, mama. Nuru! Kama yeye amesikia lingine..." Kicheko kikaanza kumtoka.

"Wamempata," akasema Winfred.

"Wamempata nani?"

"Mwanga wako. Ni Hawe Nyamvula."

Hawe ni bibi, na Hawe Nyamvula ni bibi wa kanisa zima: mjane wa miaka sabini na kitu, anayekaa peke yake chumba cha nyuma ya kisima, anayeshika funguo za kanisa na kufagia kabla mtu mwingine hajaamka. Ushahidi ulikuwa tayari. Ni mzee, ni mpweke, huingia kanisani alfajiri hakuna anayemwona. Tena, kubwa kuliko yote, alikuwa amesema kwa kinywa chake mbele ya wanakwaya, "Mlipoitoa leso yangu ndipo kilipoanza kulia." Kamati ya maombi ikaona hicho ni kitisho. Jumapili angenyang'anywa funguo, aitwe mbele, aombewe atapike alichonacho, kisha asikanyage tena kiwanja cha kanisa.

"Na unajua kwa nini yuko Mtopanga?" Winfred akaendelea. "Huko kwao mashambani mumewe aliitwa neno hilo hilo. Siku ya tatu nyumba ikatiwa moto, naye mzee yumo ndani. Wewe umelitoa wapi neno hilo, la kuchezea?"

Kicheko cha Lewa kilikauka. Aliona aibu, aibu ya kweli. Hakungoja chai. Alikwenda kwa Ruth, akamwambia kwa kituo kwamba alimaanisha nuru, nuru ya jua na ya taa, hakuna mchawi.

Ruth alimtazama kwa huruma. "Wachawi wamekutisha, sivyo? Pole, ndugu yangu. Tutakuombea na wewe."

Akaenda kwa mchungaji Elkana. Mchungaji akasikiliza hadi mwisho, akapumua. "Fundi, wewe ulisema redio imejifungua. Uliniandikia TUNAAMSHA. Leo nitajuaje unasema kweli?"

"Nikikuonyesha kwa macho yako?"

"Nionyeshe mimi na kanisa zima. Wakati ni Jumapili, kabla bibi hajaitwa mbele."

Lewa alirudi akiwa ameinamisha kichwa. Kwa miaka yote hiyo kila alichosema kilichekwa, na siku aliyohitaji kuaminiwa hakukuwa na wa kumwamini. Hapo akakumbuka yale maneno ya bibi kuhusu leso. Kule kiwandani swali la kwanza la fundi lilikuwa: kabla hakijaharibika, ni nini kilichobadilishwa? Swali hilo hakuwa ameliuliza hata mara moja. Alikuwa akishughulika kuficha sanduku lake.

Kesho yake asubuhi akamkuta Hawe Nyamvula amekaa kwenye kigoda mlangoni, anamenya mbaazi. Nyuma yake, ndani, palikuwa na furushi limefungwa tayari.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu."

"Furushi hili la nini?"

"Nimeshawahi kungoja siku ya tatu," akasema bibi, mikono haisimami. "Mara hii singoji."

Lewa alichuchumaa. "Hawe, nisamehe kwanza, kisha nijibu. Leso yako ulikuwa ukiiweka wapi?"

"Juu ya lile sanduku. Vumbi la barabara linaingia kwenye vile vijitundu vya mgongoni. Nikifagia, nalifunika. Miaka yote hiyo."

"Na iliondoka lini?"

"Baada ya Pasaka. Ruth alisema kanisa si jiko, vyombo vya Mungu visifunikwe leso kuukuu. Nikaichukua yangu. Sasa iko hapa begani."

Lewa alishika kichwa. Aliona yote kwa mara moja: vijitundu, bati la plastiki, jua la saa nne na robo, utepe mweusi katika joto la Mombasa. "Hawe, usiondoke. Nipe mpaka Jumapili saa nne na robo."

"Saa hiyo ndiyo wanayonitoa mbele."

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka. Na leso uje nayo."

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Hata wasioabudu walikuja, maana habari za mwanga hazihitaji tangazo. Hawe Nyamvula alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, mgongo umenyooka. Saa nne Lewa akatembea mbele na bisibisi, akasikia watu wakianza kucheka kwa mazoea, wakingoja mzaha.

"Leo sina mzaha," akasema, na hapo wakacheka zaidi.

Akafungua sanduku mbele yao. Mchungaji akainama, Kefa akainama, Ruth akanyoosha shingo. Utepe ulikuwa umelegea, gundi imeyeyuka, umening'inia kama ngozi ya ndizi. Kijitaa na kijicho vilikuwa wazi.

"Hii ndiyo Dubai?" akauliza Kefa.

"Hiki ni kipanya cha kompyuta," akasema Lewa, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Dubai sijawahi kufika, wala kipuri chake sijawahi kukishika. Niliwadanganya. Kijicho hiki kazi yake ni kuona kijitaa hiki tu. Kefa, kaa kwenye kinanda. Sasa tungoje."

Walingoja. Ule mstari wa jua kutoka kwenye bati la plastiki ulikuwa ukitambaa sakafuni, ukapanda mguu wa meza, ukafika kwenye sanduku. Lewa akakinga kijicho kwa kiganja. "Bonyeza, usiachilie." Sauti ikatoka, safi. Lewa akaondoa kiganja. "Sasa achilia."

Kefa akainua mikono yote miwili juu, watu wote waione. Sauti ikabaki inalia vile vile. Mwanamke mmoja akapiga yowe.

"Kefa ameachilia, na kinanda kimetuma habari kwamba ameachilia," akasema Lewa. "Lakini kijicho kimejaa jua, hakioni mkonyezo. Sanduku halijaambiwa linyamaze, basi halinyamazi." Akarudisha kiganja. "Bonyeza tena, uachilie." Sauti ikakatika. Kefa akabonyeza, Lewa akaondoa kiganja, na Kefa alipoachilia ikanasa tena. Lewa akakinga, Kefa akabonyeza na kuachilia, ikatii. Walifanya hivyo mara tano, hadi watoto wa mbele wakaanza kuhesabu nao.

Kisha akaita, "Hawe, niazime leso."

Bibi akatembea kutoka mlangoni hadi mbele, polepole, watu wakimpisha. Akaifungua leso begani. Ilikuwa imechakaa hata maandishi yake hayasomeki. Lewa akarudisha kifuniko, naye akaitandaza juu ya vijitundu kama alivyofanya kila alfajiri kwa miaka. Kefa akapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, jua likiwa juu ya leso, na hakuna sauti iliyonasa.

"Mlisikia mwanga, mkamtafuta mtu," akasema Lewa. "Nililitoa neno hilo makusudi, ili nicheke, na ili nisifungue sanduku. Huyu mama ndiye aliyekuwa akizuia mwanga usiingie. Kama kanisa hili linataka mwanga wa kuombewa, ni mimi. Niwekeeni mikono."

Hakuna aliyecheka. Ruth alikuwa amefunika uso kwa mikono. Ndipo Hawe Nyamvula akamtazama Lewa kuanzia juu hadi chini.

"Mwanangu," akasema, "siku nyingine ukitaka kuniita mwanga, njoo usiku. Mchana nina kazi ya kufagia."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Ruth alikuwa akicheka na kulia pamoja, na ndiye aliyekwenda kumkumbatia bibi. Funguo zikabaki zilipokuwa, na furushi likafunguliwa siku ile ile. Winfred naye akamwita mumewe Baba Nyale, lakini baada ya wiki mbili.

Mwezi wa nane Lewa alipata kijipande halisi kutoka Nairobi, chenye kijitaa na kijicho ndani ya gamba jeusi lisilopenywa hata na jua la Mombasa. Alikitia siku ya Jumatatu, mchana mweupe, Kefa akichungulia kadiri alivyotaka. Sanduku sasa laweza kukaa juani mwaka mzima lisinase. Kefa aliposema basi ile leso haina kazi tena, Lewa akamkanyaga mguu. Kamati ilipokuja, akawaambia kwa uso mkavu, "Kipuri ni kizuri, lakini bila leso ya Hawe mimi sitoi dhamana." Kamati ikaandika hivyo kwenye kitabu chake.

Jumapili moja, saa nne na robo, Lewa alikuwa amekaa kiti cha pili. Akamwona Hawe Nyamvula anasogea kwenye meza, anainua leso kana kwamba anaikung'uta vumbi, na kuishikilia mkononi. Jua likalipiga sanduku wazi. Kefa aliendelea kupiga, na sauti zikaendelea kutoka, safi. Bibi akasikiliza ubeti mzima. Kisha akageuka akamtazama Lewa, muda mrefu, na Lewa akatazama viatu vyake. Alipoinua macho, bibi alikuwa ameitandaza leso tena juu ya sanduku, anainyoosha pembe kwa pembe.